Basi Lisilogusa Lami

Vijana wa Kisii wana aina ya picha wanazotumiana kwa simu ambazo mgeni akiziona atadhani zimetoka kwa kampuni za mabasi zenyewe. Basi limeegeshwa kando ya barabara, taa zinawaka mchana, maandishi ya ubavuni yanasomeka herufi kwa herufi, na nyuma yake kuna mteremko wa kijani na wingu zito la saa tisa. Ukitazama tena unaona nyasi zote zina urefu mmoja na dereva hana uso. Ni gemu. Mara nyingi ni Euro Truck Simulator 2, gemu la malori lililotolewa mwaka 2012 na SCS Software ya Jamhuri ya Cheki, ambalo mashabiki wa Kenya walilichukua wakaliingizia mabasi ya kwao na baadaye ramani za barabara za kwao. Asiye na kompyuta hufanya hivyo kwa simu, ndani ya Bus Simulator Indonesia, gemu la kampuni ya Maleo, ambalo skini za mabasi na matatu ya Kenya zimelijaa hadi mtu anasahau kwamba barabara zile ni za Java.

Wengi huliendesha basi hilo. Mimi nilivutwa zaidi na kulipiga picha, na nitasema kwa nini.

Nilianzia katika saiba moja mjini Kisii. Mchana tulikuwa tunawajazia watu fomu za kodi za KRA na za mikopo ya masomo ya HELB, tunapiga chapa barua za kuomba kazi, tunatoa nakala za vitambulisho. Jioni, mwenye saiba akishahesabu pesa zake na kuondoka, kompyuta ya pembeni ilikuwa yangu, mradi ninunue tokeni ya stima niliyotumia. Kompyuta yenyewe ilikuwa Dell OptiPlex iliyokwisha kutumika katika ofisi za Uingereza, zile wauzaji wetu huziita ex-UK, yenye prosesa ya Core i5 na skrini ya inchi 17 iliyokaribia kuwa mraba. Kadi ya grafiki haikuwa nayo. Kazi ya kuchora ilifanywa na kijisehemu kilichomo ndani ya prosesa, Intel HD Graphics 2000, ambacho hakina kumbukumbu yake chenyewe. Hukopa ile ya mashine. Kwa barua za kuomba kazi kinatosha na kubaki. Kwa gemu, basi likianza kupanda kuelekea Keroka fremu zilikuja kwa kusitasita, na ukikata kona usukani uliitikia ukiwa umeshaingia mtaroni.

Sasa, gemu ili liwe laini macho yanadai angalau fremu 30 kila sekunde. Picha ya skrini ni fremu moja. Basi likishaegeshwa, hujali kama fremu inayofuata itakuja sasa hivi au baada ya sekunde tatu. Mtu akishalielewa hilo, mashine dhaifu inaacha kuwa kisingizio. Unaendesha kwa mipangilio ya chini kabisa, vivuli vimezimwa, vioo vya pembeni vimezimwa, majani yamepunguzwa hadi nchi inakuwa uwanja wa mpira. Ukifika mahali unapopataka unahifadhi safari. Kisha unafungua menyu na kupandisha kila kitu hadi juu, feni ya mashine inaanza kulia, skrini inaganda, na unapiga. Wenzangu waliokuwa wakisubiri siku watakayonunua kadi kubwa ndipo waanze, sikuwahi kuwaelewa. Kadi kubwa hukupa mwendo, na picha haina haja ya mwendo.

Kuna mengine ambayo menyu haikuonyeshi. Katika folda ya Euro Truck Simulator 2 kuna faili la maandishi liitwalo config.cfg. Ukibadilisha mistari miwili, g_developer na g_console, kutoka 0 hadi 1, kitufe cha 0 kwenye kibodi kinaifungua kamera kutoka kwenye kiti cha dereva. Unaruka nayo unakotaka kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, unaigeuza kwa kipanya, na gurudumu la kipanya linaongeza au kupunguza kasi yake. Konsoli inakuruhusu kuamuru saa kwa g_set_time na mvua kwa g_set_weather. F10 inahifadhi picha. Halafu kuna r_scale_x na r_scale_y. Ukiziweka 2 zote mbili, skrini ya pikseli 1280 kwa 1024 inachorwa kwanza kwa 2560 kwa 2048, yaani kutoka pikseli 1,310,720 hadi 5,242,880, kisha inashushwa kutoshea kioo. Nyaya za stima zinazovuka barabara, mikono ya vioo vya basi, keria ya juu, vyote vilivyokuwa na meno ya msumeno vinanyooka. Hakuna mpangilio mwingine unaobadilisha picha kwa kiasi hicho, na hauna jina la kuvutia kwenye menyu, ndiyo maana wengi huupita.

Watu wa Ulaya waliyajua haya zamani. Mwingereza Duncan Harris, aliyekuwa na tovuti yake iitwayo Dead End Thrills, alipiga picha ndani ya magemu kwa ustadi hadi kampuni za magemu zikaanza kumwajiri azipigie picha za kutangazia. Nvidia walitoa Ansel mwaka 2016, chombo cha kusimamisha gemu na kuizungusha kamera kwa hiari. Siku hizi magemu mengi makubwa huja na kamera ya picha ndani yake, ina vitufe vya ukungu, vya fokasi, vya fremu za mapambo. Nimezijaribu na nimeona zinazalisha picha zinazofanana: mtu mbele, kila kitu nyuma kimefifishwa, pembe za picha zimetiwa giza. Kufifisha nyuma kunafaa pale nyuma pana ubaya wa kufichwa. Ukiwa na mteremko wa Nyamira nyuma ya basi halafu ukaufifisha, sijui ulienda huko kufanya nini.

Kamera ikishakuwa huru, swali la kwanza ni urefu wake kutoka ardhini. Anayeanza huipandisha juu, anataka basi lote na barabara yote na mlima wote. Basi linageuka kichezeo cha mtoto. Ishushe hadi usawa wa nati za gurudumu na basi linakuwa na uzito wake, linakuangukia. Swali la pili ni umbali. Ukisogea karibu ukapanua mtazamo, pua ya basi inavimba na mkia unakonda. Ukirudi nyuma sana ukaubana mtazamo, milima inasogezwa mbele. Hilo nilijifunza katika Skyrim, gemu la Bethesda la mwaka 2011, ambako ukifungua konsoli unaandika tfc 1 dunia nzima inasimama, theluji inabaki hewani, unaandika tm maandishi ya skrini yanatoweka, kisha fov 35 na milima inakuja hadi kizingitini. Niliporudi kwenye mabasi nilikuwa nimeshalizoea jicho hilo jembamba. Yeyote aliyewahi kuliona genge la Manga kutoka mbali anajua jinsi ukuta ule unavyoonekana mrefu kuliko unaposimama juu yake ukitazama mabonde chini na, siku ikiwa safi, mng'ao wa Ziwa Viktoria.

La tatu ni magurudumu ya mbele. Yageuze kidogo ili rimu iitazame kamera. Basi lenye magurudumu yaliyonyooka linaonekana limeachwa na mwenyewe.

Haya ni ya ufundi na kijana yeyote mwenye subira atayapata. Yaliyobaki nilifundishwa na mama, ambaye hajawahi kushika kipanya. Ana chai Nyamira, upande wa Kebirigo, na maisha yake yote amekuwa nje chini ya mwanga uleule ambao mimi nilikuwa nautengeneza kwa kuandika namba. Nilikwenda nyumbani na simu imejaa picha, nikamwonyesha ile niliyoipenda kuliko zote: basi la Nairobi likiwa Keumbu, saa sita mchana, jua kali, kivuli kimelala barabarani kutoka kwenye magurudumu hadi upande wa pili wa lami.

"Hapa ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa sita, Mama."

"Saa sita ya wapi, kivuli kikiwa kirefu hivi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kisii iko chini ya digrii moja kusini mwa ikweta. Mwezi wa tatu na wa tisa jua la saa sita linapita karibu juu ya utosi na unakanyaga kivuli chako mwenyewe. Hata mwezi wa sita, linapokwenda kaskazini, kivuli cha saa sita hakifiki hata nusu ya urefu wa mtu. Gemu lile lilitengenezewa Ulaya. Jua lake linakaa kusini na kuinama, hata adhuhuri. Mashabiki waliochora ramani niliyokuwa nikiitumia walileta vibao vya barabara, vibanda, matuta, migomba, hata rangi ya kuta za maduka, na jua wakaliacha lilipokuwa. Hakuna aliyeliona kwa sababu jua hatulihesabu kuwa sehemu ya mahali.

Dawa yake ni rahisi. Saa sita ya gemu niliifanya kuwa saa tisa ya Keumbu. Kivuli kikawa na haki ya kurefuka, ilibidi tu niongeze joto la rangi kidogo na kupanga basi upande ambao jua la alasiri lingetokea kweli, kwa mtu anayeelekea Keroka. Na kama nilitaka adhuhuri yenyewe, nilileta wingu. Chini ya wingu kivuli hakina mwelekeo, na hakuna anayeweza kukushtaki.

Wingu, kwa kweli, ndilo lililonipa picha zangu bora, na hilo si ajabu kwa mtu wa kwetu. Mvua ya Kisii ina saa zake. Asubuhi huwa safi, alasiri mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, yakikutana na milima yanamwaga yote. Radi yetu haina mzaha. Imeua watu shuleni, shambani na majumbani, na kila nyumba inajua kwamba ikianza kunguruma unachomoa kila kitu ukutani. Kwa hiyo alasiri nyingi kompyuta ya saiba ilikuwa imezimwa, waya zimelala sakafuni, na mimi nimesimama mlangoni na wateja waliokimbilia kujikinga. Huko mlangoni niliona jambo. Mvua ikikatika na wingu likabaki upande wa Nyanchwa huku jua likipenya kutoka magharibi, mandhari ya nyuma inakuwa nyeusi kuliko mandhari ya mbele. Mabati yanang'aa, migomba inawaka, na mlima ulio nyuma yake ni wa rangi ya risasi. Kwenye mpango wa kawaida wa gemu anga huwa ndiyo sehemu angavu kuliko zote. Hapa ni kinyume. Niliporudi kwenye mashine nilianza kuishusha anga, kuiacha barabara na mwangaza wake, na picha zikaanza kufanana na saa kumi ya kwetu.

Saa hiyo haikai. Kwenye ikweta jua linashuka wima, giza halina utangulizi mrefu. Ndani ya gemu unaweza kulisimamisha dakika yoyote unayoitaka, na hii ndiyo anasa pekee ambayo mpiga picha wa kweli angetuonea wivu.

Mama alikuwa na mashtaka mengine. La pili lilihusu picha ya mvua. "Mvua yote hii na gari ni safi?" Alikuwa na haki tena. Basi linalofika Kisii msimu wa masika huwa limepigwa rangi nyekundu hadi chini ya madirisha. Skini za gemu hutoka zimeng'arishwa. Skini si kitu cha ajabu, ni faili la picha la aina ya DDS linalofunikwa juu ya umbo la basi, na unaweza kulifungua katika GIMP na kulichora. Nilianza kuongeza udongo: mwepesi juu, mzito nyuma ya magurudumu, wenye michirizi inayolala nyuma kwa sababu basi lilikuwa likienda mbele lilipochafuka. Vijana wa skini walinijia juu. Mmoja aliandika kwamba nimeichafua gari ya watu. Hapo nami niliwaelewa, maana ukienda stendi asubuhi utawakuta makanga wakisugua magurudumu kwa brashi kabla hawajaita abiria. Basi safi ni heshima, na skini ni heshima hiyohiyo. Nikaacha matoleo mawili, moja la stendi na moja la njiani. La njiani halikupendwa na watu wengi. Ndilo ninalolipenda.

La tatu lilikuwa la kijani. Mama alitazama mteremko wa nyuma akasema, "Hiyo chai imepakwa rangi?"

Hapa panataka maelezo kidogo. Wapiga skrini wote huanzia mahali pamoja, kwenye kitelezi cha kukoleza rangi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutumia ReShade, programu ya bure inayokaa kati ya gemu na skrini na kukuruhusu kupitisha picha kwenye vichujio kabla haijaonekana. Unasukuma kitelezi, kijani kinaruka, moyo unafurahi. Lakini kijani cha kwetu hakiruki. Shamba la chai lililo karibu kuchumwa lina kijani chenye manjano juu, pale kwenye majani mawili na chipukizi, na chini yake kijani kizito cha majani ya zamani. Mikaratusi iliyo pembeni ina buluu ndani yake. Jani la mgomba lililochanwa na upepo, jua likiwa nyuma yake, linapitisha mwanga na kuwa na rangi ambayo ukiiweka kwenye jani la chai mtu atadhani limeugua. Ukikoleza, hivi vyote vinakimbilia rangi moja. Ukipunguza rangi kidogo, kisha ukasogeza manjano peke yake, vinatengana tena, kila kimoja kinarudi shambani kwake. Nilitoka kwenye picha zilizopigiwa makofi haraka nikaingia kwenye picha ambazo mama alizitazama akaanza kuuliza shamba ni la nani.

Ukitaka kuona kinyume chake, cheza Far Cry 2. Ubisoft walilitoa mwaka 2008, linatokea katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina, na kwa mwanga na moto unaosambaa nyikani kulingana na upepo, lilikuwa mbele ya wakati wake. Pia ni kahawia na manjano karibu mwanzo hadi mwisho, msitu ukiwemo. Nimeipiga picha nchi hiyo usiku mwingi na nyingine ninazo bado. Sikuweza kuigeuza iwe ya kwetu kwa kichujio chochote. Mtu aliyekulia Nyamira akiambiwa hii ndiyo Afrika anajiuliza yeye basi alizaliwa wapi.

Shtaka la mwisho la mama ndilo lililonisumbua muda mrefu, kwa sababu hakuweza kulieleza wala mimi sikuweza. Alisema tu basi halijakaa. Limesimama, ndiyo, lakini halijakaa.

Nililitafuta kosa kwenye vivuli, nikapandisha ubora wake, halikuondoka. Nilinunua hatimaye kadi ndogo, GT 1030 ya Nvidia, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2017, inayoingia ndani ya kasha dogo la OptiPlex na kuridhika na umeme wa wati 30. Kila kitu kikawa chepesi na basi bado halikukaa. Sababu ni kwamba kivuli cha jua ni kimoja tu kati ya vivuli. Kuna kingine kisicho na jua: weusi unaokusanyika pale vitu viwili vinapokutana, chini ya tairi, nyuma ya ngazi ya mlango, kwenye mkunjo wa bampa, kwa sababu mwanga wa anga haufiki vizuri humo. Siku ya wingu ndicho kivuli pekee kilichopo. Gemu lile halikuwa nacho. Kwa hiyo chini ya wingu, katika picha zangu bora, mabasi yote yalikuwa yakielea kidole kimoja juu ya lami. SCS walikiongeza katika toleo la 1.38 la mwaka 2020, na kabla ya hapo ReShade ilikuwa na kichujio cha kukibahatisha. Siku nilipokiwasha nilimtumia mama picha bila maneno. Akajibu kwa kupiga simu kuuliza habari nyingine kabisa, kisha mwishoni, kama mtu aliyekumbuka: "Na gari lako limekaa."

Kuna wanaouliza picha ya basi ambalo halipo ina faida gani. Huwa nawakumbusha kwamba picha za watu wetu hazikuanza na ukweli mtupu. Huko Lamu, Omar Said Bakor alikuwa na studio ambayo watu walitoka wamebandikwa ndani ya maua na vyombo vya nyumbani, kwa mkasi na kwa kamera. Mombasa, watu walikwenda kwa N. V. Parekh wakiwa wamevaa kile walichotaka kuonekana wamevaa. Hata wazee wetu wa Kisii waliosimama mbele ya pazia lililochorwa bustani hawakuwa na nia ya kumdanganya mtu kwamba wana bustani. Walitaka kusimama vizuri mahali pazuri. Kijana wa Suneka anayeliegesha basi lake la skini kwenye ukingo wa bonde la Mai Mahiu anataka hilohilo, na anastahili kuulizwa maswali yaleyale ya mwanga na mahali.

Faida ya pesa, kama ni hiyo inayotafutwa, ilikuja kutoka upande mwingine. Jamaa yangu anauza vinyago vya mawe ya Tabaka: seti za sataranji, vifaru, bakuli, zile familia zilizokumbatiana. Jiwe lile huchongwa likiwa na maji, likasuguliwa kwa msasa hadi laini, mwisho likapakwa nta. Alitaka picha za kutuma kwa wanunuzi. Zake alizipiga kwa simu chini ya jua la mchana, kisha akatumia programu ya kukata mandhari ya nyuma na kuacha kinyago juu ya weupe mtupu. Nilivitazama nikaona mabasi yangu ya zamani. Vyote vilikuwa vikielea.

Tulihamia barazani, chini ya mabati, siku ya wingu. Meza tuliiweka ubavu wake ukielekea uani ili mwanga uingie kutoka upande mmoja, kwa sababu jiwe lililosuguliwa ukilimulika kutoka mbele linageuka sabuni. Mwanga wa ubavuni ndio unaoonyesha kwamba goti la mama na goti la mtoto ni vitu viwili. Kitambaa kilikuwa cha kijivu. Nilimwambia arudi nyuma hatua kadhaa na kutumia lenzi ya kuvutia karibu, badala ya kuisogeza simu hadi kifaru kinakuwa na pua kubwa kuliko mwili. Nilishusha mwangaza hadi nta ikaacha kuwa doa jeupe. Kule chini, kinyago kinapogusana na kitambaa, tuliacha mstari mwembamba wa giza ujikusanye wenyewe, na nikamkataza kuukata.

"Sasa hii tutaifuta lini?" aliuliza, akionyesha giza lile.

"Hatuifuti, ndugu yangu. Hiyo ndiyo inayosema jiwe lina uzito."

Akazituma. Wanunuzi walianza kumuuliza kila kipande kina kilo ngapi, swali ambalo anasema hakuwahi kuulizwa kwa zile nyeupe. Jambo moja la kiutendaji nililomwongezea: WhatsApp huibana picha ikitumwa kama picha, na mahali rangi zinapobadilika polepole, kama anga au ubavu wa bakuli, panatokea ngazi ngazi. Itume kama hati. Vijana wa skini nao nimewaambia hivyo miaka mingi na bado wananitumia mawingu yenye ngazi.

Ile OptiPlex sasa anayo mpwa wangu. Hapendi ushauri wangu kuhusu rangi, anakoleza kila kitu, na kila picha yake ina mng'ao wa lenzi hata jua likiwa nyuma ya kamera. Kile kivuli cha chini, ambacho mimi nilikisubiri miaka, yeye amekikuta tayari na amekipandisha hadi mwisho. Wiki iliyopita alinitumia picha ya basi likiwa Keroka, na chini yake pana weusi mpana umeenea hadi kwenye mstari mweupe wa barabara. Nikamwandikia kwamba apunguze, basi linaonekana limemwaga oili.

Akanijibu: "Lakini hiyo gari humwaga oili, Mjomba. Niliipanda Desemba."